Kadi Mpya ya Honi Moja

Kila siku, ilipofika saa kumi kasorobo jioni, mzee alivaa kofia yake ya kazi, akachukua kitambaa na kupangusa kioo cha laptopu kwa kuzungusha mkono, kama mtu anayepangusa kioo cha mbele cha lori. Kisha alivuta kiti, akakisogeza nyuma kidogo, akakirudisha mbele nusu ya hapo, akautikisa usukani wa plastiki uliobanwa kwenye ukingo wa meza kuona kama umekaza. Halafu akapiga honi. Mara moja tu. Miaka thelathini na mmoja aliyoendesha malori ya masafa alipiga honi mara moja tu kabla ya kuondoka, na sasa lori lilipokuwa picha ndani ya mchezo wa kompyuta hakuona sababu ya kubadili tabia.

Kwenye korido nje ya chumba chake, mke wa mwanawe alikuwa akishona sare za shule. Aliposikia honi alitulia kidogo na kusikiliza. Laptopu ile ilikuwa ya wacheza michezo, mumewe, kinyozi, aliinunua kwa mteja aliyekuwa akihama. Vitufe vyake viliwaka rangi saba na hakuna aliyejua kuvizima, na feni yake ilivuma kiasi kwamba mgeni mmoja aliwahi kuuliza kama kuna mtu anakausha nywele. Lakini mzee aliipenda. Daktari wa macho alipomwambia leseni basi, ndiyo iliyomrudisha barabarani. Jioni kila siku alisafiri katika msafara wa malori kumi na manne, na madereva wengine kumi na watatu ambao hakuwahi kuwaona sura. Wao walimwita Honi Moja.

Jumatano ile msafara ulikuwa juu ya daraja refu pale sauti ya kike ilipotoka ndani ya spika.

"Honi Moja! Mbona umesimama?"

Huyo alikuwa Mama Breki, kiongozi wa msafara.

"Sijasimama!" mzee alijibu. "Niko gia ya sita, natembea vizuri."

"Unatembea huko kwako, ndugu yangu. Huku kwetu umeganda katikati ya daraja. Tairi Bovu amekuingia kwa nyuma."

"Tela langu liko mtoni," alisema mwanamume aliyeitwa Tairi Bovu, kwa sauti ya msiba. "Lilikuwa na friji mia mbili."

"Huyu kalewa," mwingine akadakia. "Juzi aliganda kwenye mzunguko, jana kwenye reli. Kalewa."

Mzee alikodoa macho. Kwenye kona ya kioo, alama ya mtandao ilikuwa imekufa. Ikafufuka, ikafa tena. Iliporudi, Mama Breki alikuwa akimalizia hukumu.

"...Jumamosi saa kumi tuna safari kubwa mpaka bandarini. Ukikatika tena, Honi Moja, tutakutoa. Si kwa ubaya. Watu wanapoteza mizigo yao."

Mzee alivua kofia. Alitoka hadi kwenye korido akasimama mbele ya cherehani, mikono nyuma. Yeye na mke wa mwanawe walikuwa wameishi nyumba moja miezi minane, na bado kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo. Walisalimiana, waliulizana kama mvua itanyesha, basi.

"Nimeitwa mlevi," mzee alisema.

Mshonaji alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Na nani, baba?"

"Dereva mwenzangu. Miaka thelathini na mmoja sijagonga hata bata. Leo nimemtia mtu mtoni."

"Pole, baba," alisema, kisha kwa kukosa lingine akaongeza, "Labda mvua itanyesha."

* * *

"Kompyuta yenyewe ndiyo kiziwi, haisikii mtandao," kinyozi alisema wakati wa chakula usiku ule. Mkewe alikuwa amempigia simu saluni, naye akawauliza wateja wote wa jioni ile, na mmoja aliyekuwa nusu kichwa kanyolewa alimpa jibu. "Simu zetu zote zinashika mtandao, si ndiyo? Basi ruta, kile kisanduku cha mtandao, ni nzima. Ndani ya laptopu kuna kadi ndogo ya waifai. Hiyo imechoka. Inatolewa, inawekwa mpya yenye nguvu. Kazi ya dakika kumi."

"Kesho naenda kuinunua," mzee alisema.

"Ipeleke laptopu kwa fundi, akuwekee hukohuko."

Mzee aliweka kijiko chini. "Gari haliachwi gereji."

"Baba, hili si gari."

"Unaacha gari gereji jioni, asubuhi unakuta betri si yako, tairi la akiba si lako, hata jeki si yako. Nimeona kwa macho haya."

"Macho hayo..." kinyozi alianza, mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake Alhamisi, mzee alikwenda dukani kwa fundi kompyuta. Fundi alikuwa kijana mnene mwenye taa ya kichwani kama mchimba madini. Alisema laptopu ziko kwenye foleni, aiache, atakuta tayari Jumatatu.

"Jumatatu nitakuwa nimeshafukuzwa," mzee alisema.

"Kazini?"

Mzee alifikiri. "Ndiyo."

Akanunua kadi, akauliza inavyowekwa, akarudi nayo mfukoni mwa shati, mkono juu ya mfuko njia nzima kama mtu aliyebeba kifaranga. Ilikuwa ndogo kama stempu ya barua.

Aliilaza laptopu kifudifudi juu ya meza, akafungua mfuniko wa nyuma kwa bisibisi. Skrubu kubwa alizishinda kwa kupapasa. Lakini kadi ya zamani ilishikiliwa na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama, na juu yake vilikaa vichwa viwili vya waya vyembamba. Mzee alivua miwani, akavaa miwani, akaisogelea mpaka pua ikagusa feni. Macho yake yaliona vizuri vitu vya ukubwa wa bakuli. Kisha mshonaji, aliyekuwa akipita na rundo la sketi, akasikia akiitwa kwa sauti ndogo sana.

"Mama. Wewe una kile kibano chako?"

Alikuwa nacho. Alikuwa pia na taa ya cherehani, kioo cha kukuzia, na macho ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila kusimama kuongea. Aliweka sketi chini akainama.

"Hii skrubu, nigeuzie wapi?"

"Kushoto. Taratibu. Isikuruke."

Haikuruka. Kadi ya zamani ilinyanyuka yenyewe upande mmoja, akaivuta. Akaingiza mpya kwa mshazari kama mzee alivyoelekezwa na fundi, akailaza, akarudisha skrubu. Zikabaki waya mbili, nyeusi na nyeupe, kila moja na kichwa kidogo cha dhahabu cha mviringo. Mshonaji alivitazama akacheka.

"Baba, hivi si vifungo vya kubana? Kama vya nguo za watoto!"

"Vibane basi."

Alibana. *Tik.* Akabana cha pili. *Tik.* Mzee alitoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumatano, akasema anakwenda kunawa mikono, maana haifai kushika usukani na mikono ya gereji.

Hapo ndipo mkosi ulipoingia. Waya zile zilikuwa na urefu wa ziada, zimejikunja kando ya vifungo na kuchomoza juu ya ukingo. Mshonaji alikuwa ameshona vifungo tangu akiwa na miaka kumi na tano. Ukimaliza kifungo, uzi uliozidi unakatwa, na mkono wake haukuwahi kuomba ruhusa kwa kichwa. Kimkasi kilichoning'inia shingoni kilikwenda chenyewe. *Kach, kach.* Nyeusi, nyeupe. Akapuliza makombo. Nadhifu kabisa.

Kisha akaona, katikati ya ule uzi mweupe, kinukta kinachong'aa cha shaba.

Alibaki ameinama. Alijaribu kuziunganisha ncha kwa kidole, kama mtu anayerudisha nywele zilizonyolewa. Maji bafuni yakanyamaza. Akarudisha mfuniko, akakaza skrubu zote, na mzee alipoingia akijifuta mikono alimkuta amekumbatia rundo la sketi.

"Tayari?"

"Nimefunga, baba," alisema, na kwa neno hilo hakudanganya.

Mzee alivaa kofia. Akapangusa kioo. Akawasha. Feni ikavuma, rangi saba zikawaka, na mtandao haukuonekana kabisa. Si wa kwao, si wa jirani, si wa mtu yeyote. Kabla ya hapo laptopu ilikuwa kiziwi wa kubahatisha, sasa ilikuwa jiwe.

"Amenipa kadi mbovu," mzee alisema taratibu. "Yule mnene mwenye taa."

Mshonaji alifungua mdomo. Kwenye korido cherehani yake ilikuwa pale, sketi ishirini na mbili zilikuwa pale, na ukweli ulikuwa pale mdomoni. Akasema ana nguo za kupiga pasi.

* * *

Ijumaa asubuhi mzee aliingia dukani kwa fundi kompyuta na laptopu ndani ya foronya. Duka lilikuwa na wateja watano.

"Umeniuzia takataka," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nataka hela yangu, na nataka uniombe radhi mbele ya hawa."

Watu watano waligeuka. Fundi hakukasirika. Aliwasha taa yake ya kichwani, akafungua mfuniko, akainama. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Mzee, njoo uone. Hizi waya ndizo masikio yake. Zinatoka huku kwenye kioo, zinakuja kwenye kadi. Nani amezikata?"

"Zimekatwa?"

"Zote mbili. Sasa hata ningekuwekea kadi ya kurushia ndege, isingesikia kitu."

Wateja walicheka. Mmoja aliomba apishwe apige picha. Mzee alichukua kioo cha kukuzia cha fundi akakishikilia jichoni kwa muda mrefu. Sasa ziliwekwa mbele yake kubwa kama kamba za meli, akaziona. Ncha zilikuwa safi. Zimekatwa sawasawa, kwa kipimo kimoja, hakuna iliyozidi mwenzake hata kwa unywele. Hakuna mtu aliyekata vile kwa bahati mbaya ya bisibisi. Yule aliyekata alikuwa na mkono wa kazi.

Akakumbuka sketi zilizokumbatiwa, na sauti iliyosema *nimefunga, baba.*

"Panya," mzee alisema.

Fundi alimtazama. "Panya?"

"Tuna panya nyumbani."

"Mzee, panya huyu alikuwa na mkasi."

"Panya wa kwetu ni wasafi," mzee alijibu, na masikio yake yakawaka moto huku duka zima likiangua kicheko. Aliyekuja kuombwa radhi akaomba yeye, mbele ya watu walewale watano. Kisha akauliza kama masikio mapya yanapatikana.

Yalipatikana. Fundi alisema kazi itachukua mpaka jioni, kioo lazima kifunguliwe, aende apumzike. Mzee aliomba kigoda. Alikaa saa sita ameikabili meza ya fundi, magoti yakigusa kaunta, na kila mteja mpya alipoingia mmoja wa zamani alimsimulia habari za panya mwenye mkasi. Hakujibu neno. Jioni laptopu ilishika mtandao wa duka, wa saluni, na wa ghorofa ya pili mtaa wa nyuma.

"Mwambie panya asirudie," fundi alisema.

"Hatarudia. Ni mwenye haya sana."

* * *

Mzee alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa mwanawe.

"Panya?" Kinyozi alisimama, kiti kikaanguka. "Panya ndani ya nyumba hii?"

"Mdogo," mzee alisema haraka.

"Amekata waya za kompyuta halafu unaniambia mdogo?"

Kinyozi alikuwa mwanamume wa kimo na kifua, aliyewahi kumtoa mlevi saluni kwa mkono mmoja. Lakini panya hakuwaweza tangu utotoni. Usiku huo alikula amepandisha miguu kwenye kiti. Mkewe aligawa chakula bila kuinua uso. Alijua hakuna panya. Alichokuwa hajui ni kama mzee naye anajua, au fundi ndiye aliyemwambia panya na yeye akaamini. Alimtazama kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa akitafuna kwa makini mno.

"Ulimwona, mke wangu? Wewe unashinda hapa."

"Sijamwona."

"Hujamsikia hata usiku? Hakwarui?"

"Labda... kidogo," alisema, na akajichukia.

Jumamosi mteja wa sketi alimsimulia mshonaji jinsi mzee alivyochekwa dukani kwa fundi siku nzima; saluni nayo yote ilijadili panya, na saa tisa na nusu kinyozi akafunga mapema. Alirudi nyumbani amevaa barakoa, glavu za kupakia rangi ya nywele na miwani ya kuogelea, mgongoni amebeba bomba la kunyunyizia dawa aliloliazima. Alikuwa na amri tatu: watu watoke, vyakula vitoke, umeme uzimwe.

"Umeme kwa nini?" mkewe aliuliza.

"Aliyeniazima amesema. Dawa ikigusana na umeme, nyumba inalipuka."

"Mzee anaanza safari."

"Atapaki pembeni."

Kutoka chumbani ilisikika honi. Mara moja.

Safari ilianza vizuri. Masikio mapya ya laptopu hayakukosa hata pumzi moja ya mtandao. Mzee alikuwa amewekwa mkiani, mahali pa watu wasioaminika, na alikubali bila kunung'unika. Walipita daraja refu. Hakuganda. Walipita mzunguko na reli, na Tairi Bovu, aliyekuwa mbele yake na mzigo mpya wa friji, akasema, "Honi Moja, leo naona umelala usingizi mzuri." Mlima ulianza. Malori kumi na manne yakapanda kwa mstari kama siafu, na mzee akawa anaimba kwa pua wimbo usio na maneno.

Kwenye korido kinyozi, aliyekuwa amemaliza kutoa vyakula nje, alinyoosha mkono wa glavu kuelekea swichi kuu. Ruta ingezimika. Kule juu mlimani, lori la mwisho lingesimama katikati ya kona, na mtu ambaye hakuwahi kugonga hata bata angefukuzwa barabarani kwa mara ya pili katika maisha yake.

"Usizime," mshonaji alisema.

"Sekunde tano tu, nikinyunyiza..."

"Usizime, nimesema!"

"Mke wangu, huyu panya ana..."

"Hakuna panya!" Sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyojua kuwa anayo. "Panya ni mimi!"

Kinyozi alishusha mkono. Alimtazama kupitia miwani ya kuogelea. "Usijitukane hivyo."

"Mimi ndiye niliyekata waya! Nilidhani ni nyuzi. Nilibana vifungo, nikaona nyuzi zimezidi, nikakata. Nikafunga nikanyamaza. Baba akaenda kuchekwa na watu kwa ajili yangu, na mimi nimekaa hapa napika nasema nasikia panya anakwaruza!"

Kisha, kutoka chumbani, sauti ya Mama Breki ikatoka kwenye spika, wazi kabisa.

"Honi Moja, hapo kwenu kuna nini? Panya ni nani?"

"Ni mke wa mwanangu," mzee alisema. "Endeleeni."

Mshonaji aliingia chumbani, macho yamejaa machozi. Mumewe alifuata na bomba lake mgongoni. Mzee hakugeuka. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye usukani, macho kwenye taa nyekundu za tela la mbele.

"Ulijua, baba?"

"Tangu jana."

"Ulijuaje?"

"Panya huacha meno. Wewe ulikata kama pindo la gauni la harusi."

"Sasa kwa nini ulisema panya? Wamekucheka siku nzima. Ungesema tu ni mimi."

Mzee alishusha gia. Msafara ulikuwa umefika kileleni, na upande wa pili barabara iliteremka kwa kona kali moja baada ya nyingine.

"Ngoja nishuke huu mlima," alisema. "Kwenye mteremko siongei."

Wakangoja. Kinyozi aliinua miwani ya kuogelea kwenye paji la uso ili aone vizuri. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tairi Bovu alipiga mayowe kwenye ya nne, lakini friji zote zilibaki ndani. Mshonaji alijikuta ameshika mgongo wa kiti cha mzee na kuegemea kushoto kila barabara ilipokwenda kushoto. Mwishowe mlima ukaisha, ukatokea uwanda ulionyooka, na mzee akapandisha gia mpaka ya sita.

"Ungejua kwamba najua, ungeona haya," alisema. "Ungeanza kupita hapo mlangoni haraka haraka, kichwa chini. Mimi nimezoea ukipita unasimama kidogo, unaangalia barabara, halafu unakwenda. Unadhani sikuoni kwa sababu ya macho haya. Nakuona."

"Honi Moja," Mama Breki alisema kwa upole, "maiki yako iko wazi. Sote tunasikia."

"Sikieni basi," mzee alisema. Masikio yalimwaka kama siku ile dukani, lakini safari hii hakunyamaza. "Ukweli ni kwamba mimi sipendi kuendesha peke yangu, mwanangu. Sijawahi kupenda. Vuta kiti ukae."